Vidole Vinne

Daktari Mlelwa hakuanza na goti.
Alianza na njia.
"Unatoka wapi, na mzigo gani?"
Kiwira, nikamwambia, alfajiri, mikungu sita,
saba siku ya mnada.
"Unapanda?"
Napanda. Hadi Idweli ukungu umeshalowesha shati,
kisha nateremkia Igawilo, breki zikinuka
kama chungu kilichosahauliwa jikoni.
"Miaka mingapi?"
Kumi na tisa.
Akaandika, akapiga mstari chini yake
kama mtu anayejumlisha deni.

Maumivu nilikuwa nimeyapanga tangu kwenye benchi,
kati ya mama wa Chunya mwenye plasta
na kijana wa bodaboda asiyeweza kuketi sawa.
Nimeyapanga kama mafungu ya nyanya:
la asubuhi, la ngazi, la kuchuchumaa chooni,
na lile la Jumapili,
wenzangu wote wamepiga goti
mimi nimesimama kama mwimo wa mlango,
mzee wa kanisa akidhani nina ugomvi na Mungu.
Hakuniuliza hata fungu moja.

Akalishika goti kwa viganja viwili
kama mnunuzi wa parachichi
asiyetaka kuacha alama ya kidole.
Akalikunja.
Krrr, likasema,
mchanga ndani ya bakuli.
"Hii inaitwa pia," akasema. "Pia ya goti."
Mimi pia nimezichonga utotoni,
nikazichapa kwa kamba ya mgomba;
isiyoyumba ndiyo iliyoshinda.
Yangu inayumba.
Kwenye eksirei imekaa upande,
kama abiria aliyenyimwa nafasi.

"Baiskeli iko wapi?"

Nikajua sasa natozwa maegesho.
Lakini bingwa mwenyewe, koti jeupe,
foleni ya watu arobaini mgongoni,
akatoka nami hadi kwa mlinzi.
"Panda."
Mlinzi akashika keria, kama tunavyowashikia watoto.
"Kanyaga hadi chini. Tulia hapo."
Mguu umefika mwisho wa pedeli
na bado umekunjwa kama wa panzi.
Akainama, akatazama muda mrefu.
"Kiti hiki alikipima nani?"

Baba.
Mzee Mwaisumo, mfupi, kifua cha pipa,
aliyekaza nati ile kwa mkono wake
akafa masika yaliyofuata.
Nikarithi baiskeli, deni la mbolea
na kengele isiyolia.
Matairi nimebadilisha, cheni, spoku zote,
fremu nimeichomelea mara mbili.
Kiti sikukigusa.
Hakuna aliyenikataza.
Kilikuwa kimo chake, basi,
na mahali pengine popote
kimo chake hakikuwepo tena.

Daktari akaweka kiganja juu ya bomba,
vidole vinne vimelala.
"Pandisha kiasi hiki. Mikungu iwe minne.
Mazoezi ya paja kila jioni, wiki sita, kisha urudi.
Goti halitakuwa jipya.
Litapunguza tu lawama."
Akarudi kwa watu wake.

Mlinzi aliazima spana kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.
Nati ikagoma. Tukaimwagia mafuta ya taa,
tukaingoja, tukaongea bei ya viazi,
ikalia mara moja, ikaachia.
Bomba likapanda kutoka gizani,
na kile kipande kilichofichwa
kilikuwa kinang'aa,
hakijui kutu wala vumbi,
grisi yake Baba bado laini juu yake.
Ikanipaka kidoleni.
Sikuifuta.

Vidole vinne si kitu. Lakini nilipokaa
niliona ng'ambo ya ukuta wa hospitali,
shuka za wagonjwa zimeanikwa,
na juu yao Loleza, bila wingu.

Nyumbani Atupakisye, aliyenikanda miezi minane
kwa maji ya moto na majani ya mparachichi,
akaniwahi mlangoni:
"Huyo bingwa kasemaje?"

Kasema nimekua.